Mwanamuziki Mpakani

Kata ya Elerai iko upande wa magharibi wa jiji la Arusha, na jina lake linahusishwa na neno la Kimaasai litajalo aina ya mgunga. Kutoka mitaa ile si mbali kuifikia barabara kuu iendayo Namanga, mwendo wa kilomita zipatazo 110, na mwenye kuvuka Namanga huwa ameingia Kenya na Nairobi iko mbele yake. Barabara hiyo hupitwa na kila aina ya msafiri: mwenye magunia, mwenye mifugo, mwanafunzi, mtalii, na mara mojamoja mtu aliyebeba gitaa mgongoni. Huyo wa mwisho ndiye anayehusika na makala haya. Wote wana karatasi zao mpakani, ila karatasi za mwenye gitaa ndizo zenye kuzusha maswali mengi zaidi, kwa kuwa bidhaa anayoivusha haina uzito wa kupimwa wala bei ya kutazamwa kwenye orodha ya forodha.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya maombi hayo katika maneno yake. Hati ni neno la Kiarabu, na asili yake ni mwandiko. Cheti kilivuka bahari kutoka Bara Hindi, kikiwa ni barua ndogo. Kibali ni ndugu wa kukubali. Na viza imekuja juzi tu, pamoja na ndege. Kila moja lina nyuma yake mtu wa pili anayeombwa na mwenye uwezo wa kukataa. Shairi husafiri kifuani mwa mtu na halimwombi yeyote. Mwimbaji husafiri na mwili wake, na mwili ndio unaosimamishwa langoni.

Visiwani jambo hili lina umri wa zaidi ya karne. Husimuliwa kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kilalacho mapajani, na kutokana na safari hiyo taarabu ikapata mizizi Unguja. Safari ile haikuwa na haja ya viza. Ilikuwa na amri ya mfalme, ambayo siku zile ilitosha.

Mwaka 1928 Siti binti Saad naye alisafiri, pamoja na wenzake Subeti Ambar, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruku, kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Ni vyema kukumbuka ramani ya siasa ya wakati huo. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na Bombay ilikuwa chini ya taji lilo hilo. Bahari iliyokuwa baina yao ilikuwa mfano wa ua wa nyumba moja, ijapokuwa nyumba yenyewe haikuwa yao. Wanaoisimulia safari hiyo aghalabu huisimulia kama habari ya sauti na ya biashara ya santuri, na ndivyo ilivyo. Walakini ni habari ya utawala pia. Dola kubwa zina tabia ya kufungua njia ndefu kwa waimbaji huku zikiwafungia watu wao milango ya karibu.

Uhuru ulileta mipaka ya aina nyingine, na hapo ndipo Arusha inapoingia katika simulizi. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yakawa Arusha. Reli, posta, bandari na ndege zilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja. Mnamo 1970 ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, waliokwisha kukomaa katika Jamhuri Jazz Band, walihamia katika mji huo huo wa Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Mombasa, na huko bendi yao ikapata jina ambalo watu wengi wanalijua hadi leo: Simba Wanyika. Mwaka 1975 wakahamia Nairobi.

Kwa nini waliondoka? Sababu za mtu kuhama hazihesabiki zote, lakini moja iko wazi. Viwanda vya kufyatua sahani vilikuwa Nairobi, na Tanzania haikuwa nacho. Bendi za Dar es Salaam zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, nyimbo zikalala kwenye kanda, na nyingi kati ya hizo hazikupata kuwa sahani kamwe. Kijana wa Tanga aliyetaka jina lake lichapwe juu ya karatasi ya duara katikati ya santuri alijua njia ya kwenda. Isitoshe, Tanga na Mombasa ni pwani moja. Matamshi yalikuwa karibu, mzaha ulikuwa mmoja, na masikio ya Mombasa hayakuwahesabu wale vijana kuwa wageni.

Kisha lango likafungwa. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika kwa ugomvi wa madeni, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari 1977, na kufikia Julai mwaka huo Jumuiya yenyewe ilikuwa imekufa. Mpaka ulibaki umefungwa kwa zaidi ya miaka 6. Kwa mwanamuziki wa Kitanzania aliyekuwa Nairobi, kwao kulikuwa ng'ambo ya mlango uliotiwa kufuli. Na kwa aliyebaki nyumbani, soko la sahani lilikuwa upande wa pili. Asitokee mtu akasema kuwa mpaka ndio uliodumaza biashara ya muziki Tanzania peke yake: fedha za kigeni zilikuwa haba, na vifaa vya studio vilikuwa vichache kabla ya hapo na baada yake. Hata hivyo kufuli lile halikusaidia kitu.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ndipo muziki wa Kiswahili uliotengenezwa Nairobi ulipostawi. Mnamo Novemba 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitenga na kuunda Les Wanyika, na wimbo wao Sina Makosa ukapendwa pande zote mbili za mpaka uliofungwa. Redio haikuwa na lango la kufungwa. Msikilizaji wa Arusha aliweza kuusikia wimbo huo jioni nyumbani kwake, ilhali waliouimba wasingeweza kuja kumwimbia kwa barabara ya Namanga. Katika historia yote ya muziki wa eneo hili, pengine hakuna kipindi kilichoonyesha wazi zaidi jinsi sauti na mwenye sauti wanavyotengana.

Kufuli lilifunguliwa Arusha vilevile. Tarehe 17 Novemba 1983, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht juu ya kugawana mali za Jumuiya, marais Nyerere, Moi na Obote walikubaliana mjini humo, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa mgawanyo wenyewe ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Waliogawana waligawana mabehewa, meli na madeni. Nyimbo hazikuwamo katika hesabu, na huenda ilikuwa heri.

Wapo pia waliokuja upande huu. Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu kwa jina la Remmy, alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Matimila. Aliimba kwa Kiswahili mambo ya wanyonge wa Dar es Salaam, na mwaka 1988 akaipeleka bendi yake kwenye tamasha la WOMAD huko Uingereza. Albamu ya Songs for the Poor Man ikafuata mwaka 1989. Baadaye alichukua uraia wa Tanzania, ambao ndio kibali kirefu kuliko vyote, na akafariki dunia Desemba 2010 akiwa Mtanzania.

Hii leo mambo yamelegea, ila si kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikatiwa saini mjini humo Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mkenya huingia Tanzania bila viza, na Mtanzania huingia Kenya vivyo hivyo. Hapo ndipo wengi hunaswa: kuingia ni jambo moja, kupiga muziki kwa malipo ni jambo jingine. Katika Jumuiya, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamepata makubaliano ya kutambuliwa taaluma zao nchi hadi nchi. Mpiga gitaa hajapata, na wala hana bodi ya kumsemea. Kwa hiyo anayemwalika msanii wa kigeni Tanzania Bara huwa na wajibu wa kumwombea kibali kwa Baraza la Sanaa la Taifa kabla ya onyesho. Akitaka kuendelea hadi Unguja, na aulize upya: uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini kazi na ajira si la Muungano, na Zanzibar ina vyombo vyake.

Mikutano ya muziki imeongeza utata mmoja zaidi. Mkutano wa ACCES wa taasisi ya Music In Africa ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2022 na tena 2023, na wasanii wa nchi mbalimbali walikuja kusikilizwa na waandaaji wa matamasha, kila mmoja kwa muda mfupi jukwaani. Msafiri wa namna hiyo ni nani? Si mtalii, kwa kuwa amekuja na kazi yake. Si mwajiriwa, kwa kuwa huenda halipwi kitu. Fomu nyingi za uhamiaji hazina safu yake. Njia salama ni kumtaka mwandalizi aandike mapema, kwa maandishi, aina ya ruhusa inayotakiwa, na barua hiyo msanii aibebe mkononi, isiwe kwenye simu iliyoishiwa chaji. Kusema mezani kwa afisa kuwa umekuja matembezi huku umekumbatia kinanda ni kujitafutia balaa.

Barua ya mwaliko ina maradhi yake ya siku zote, nayo ni majina. Siti binti Saad hakuzaliwa akiitwa Siti. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Remmy hakuwa Remmy kwenye karatasi. Washairi, waliozoea lakabu, watalielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Jina la jukwaani likiandikwa kwenye mwaliko, na la pasipoti likawa jingine, watu hao wawili hawajuani mbele ya afisa. Na yaandikwe majina ya pasipoti, pamoja na namba zake, tarehe za kuingia na kutoka, mahali pa kulala, nani analipa, na kama kuna ujira au hakuna. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Atokaye nchi yenye homa ya manjano awe na cheti cha chanjo, ambacho wengi hukikumbuka wakiwa foleni.

Ala nazo zinataka karatasi yao. Orodha ya kila chombo na namba yake, iliyogongwa muhuri na forodha ya nyumbani kabla ya kuondoka, humwokoa mtu na kutozwa ushuru wa gitaa lake mwenyewe akirudi. Na kuna hadithi ya mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ambao ndio hutengenezwa klarineti na obo za Ulaya. Tangu 2 Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, na biashara ya ala zake ikadai hati za kuvukia mipaka. Waundaji na wapigaji wakalalamika, na tangu 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha kukamilika zikaondolewa sharti hilo. Magogo na mbao bado ziko chini yake.

Mwanamuziki wa Arusha mwenye mwaliko wa Ulaya ana mlima wa pekee. Njia hiyo wapo waliokwisha kuipita: kundi la X Plastaz la mjini humo, lililochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, lilipanda majukwaa ya huko, na albamu yake ya Maasai Hip Hop ilitolewa Ujerumani mwaka 2004. Lakini balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Elerai, na mwombaji hutakiwa aende mwenyewe akachukuliwe alama za vidole. Ada hairudishwi akikataliwa, na nauli ya basi pia hairudi. Viza ya Schengen huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Bendi ya watu 5 na iombe mapema kabisa, wote kwa pamoja na kwa barua moja, kwani mpiga besi akinyimwa wiki moja kabla ya onyesho, wanne waliobaki hukaa na tiketi zao mkononi wakijadiliana nani ataushika upande wake.