Nani Atafunga Faili?

Mwaka 1979 Bjarne Stroustrup, Mdenmark aliyetoka kuhitimu uzamivu Cambridge, alianza kuiongezea nguvu lugha ya C katika maabara za Bell, New Jersey, kazi iliyozaa C++. C ilikuwa na kasi, lakini mzigo wote ilimwachia mwandishi wa programu: aliyefungua faili kwa fopen aliifunga mwenyewe kwa fclose, na aliyeomba kumbukumbu kwa malloc aliirudisha mwenyewe kwa free.

Chukua programu ndogo inayosoma faili. Mstari ukiwa mtupu, inatoka. Tarakimu ikiwa mbovu, inatoka. Mambo yakienda sawa, inatoka vilevile. Milango ni mitatu, na kila mmoja unadai fclose yake. Mmoja ukisahaulika, siku hiyo hakuna anayegundua. Faili zilizoachwa wazi hurundikana, hata siku moja mfumo ukatae kufungua nyingine, na mtafuta kosa aanze kupekua mahali pasipohusika kabisa.

Stroustrup alikipa kila kitu cha programu, mathalani kile kinachoshika faili, kazi mbili: konstrakta ya kukiandaa na destrakta ya kukisafisha. Destrakta huitwa yenyewe kitu kinapofika mwisho wa eneo lake, mlango wowote utumike.

Wapo wanaodhani destrakta ilibuniwa kwa ajili ya hitilafu. Tarehe zinakataa: destrakta ilikuwapo tangu mwanzo, ilhali utaratibu wa kurusha na kudaka hitilafu (exceptions), aliousanifu pamoja na Andrew Koenig, ulishughulikiwa kati ya 1984 na 1989. Hata hivyo dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwani ni hitilafu zilizoifanya destrakta isiepukike. Hitilafu ikirushwa na kudakwa mbali, programu huruka ngazi kadhaa kwa mpigo na kutokea mlango wa nne, usioonekana popote katika maandishi yake. Njiani, kila kitu kilichokwisha kuundwa husafishwa, cha mwisho kwanza. Kwangu, huu ndio ugunduzi mzuri kuliko wote wa C++.

Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1995 ilifuata njia ya lugha ya Lisp ya kukusanya taka za kumbukumbu. Mkusanyaji huyo hasemi atapita lini, na faili haiwezi kumngoja. Basi waandishi wakarudi kukumbuka wenyewe, safari hii ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa mlango wowote utumike. Lugha ya Python ilileta with, inayofunga faili yenyewe, mwaka 2006. Java ikafuata mwaka 2011: faili inayofunguliwa ndani ya mabano ya try hujifunga yenyewe, na zikiwa mbili, iliyofunguliwa mwisho hufungwa kwanza.