Akina Mama wa Afrika na Mfuko Wao

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, sisi Watanzania tulio Uingereza hukusanyika, tukaimba wimbo wa Taifa, tukala pilau, na kuwasimulia watoto wetu habari za mwaka 1961. Humtaja Mwalimu Nyerere, huitaja TANU, na mara nyingine humtaja Bibi Titi Mohamed. Baada ya hapo muziki hufunguliwa na historia ikaishia hapo.

Makala haya yanaendelea pale tunapoishia. Bendera ilipokwisha kupandishwa, nani amekuwa akigharamia madai ya wanawake na wasichana wa Afrika? Kuna mtoto anayeozwa angali na umri wa shule, kuna mjane anayenyang'anywa shamba, kuna mama anayepigwa. Kila jambo kati ya hayo linahitaji mtu wa kulisemea, na mtu huyo anahitaji nauli, karatasi, simu na wakili. Fedha hizo zimetoka wapi? Jibu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilianzia hapa hapa Uingereza, kwa wahamiaji kama sisi.

Vikundi vya ngoma na chama

Mwaka 1955 Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alikwenda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma vya mjini. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na viongozi wake, wanachama wake, na desturi ya kuchangiana kwenye harusi na misiba. Katika muda wa miezi michache, wanawake wapatao 5,000 walijiunga na chama. Kwa hiyo wanawake hawakusubiri kuundiwa chombo. Walikuwa nacho, wakakileta kwenye harakati za Uhuru.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, ikaundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Maendeleo ya Wanawake tangu mwaka 1952. Jumuiya hizi zilifanya kazi kubwa ya kufundisha kusoma na kuandika, malezi, afya na miradi midogo. Lakini zilikuwa karibu sana na wenye madaraka. UWT ilikuwa jumuiya ya chama tangu mwanzo, na mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake nayo iliunganishwa na KANU. Chombo kikiwa chini ya chama, ni vigumu kudai jambo ambalo chama hakijalitaka.

Njia nyingine ya kupata fedha ilikuwa wafadhili wa nje. Hao nao walikuja na mipango yao. Mwaka huu wanataka visima, mwaka ujao wanataka cherehani, na kikundi kilichoanza kazi ya kuwatetea wajane kikajikuta kinafuga kuku. Azimio la Arusha lilikuwa limeonya tangu mwaka 1967 kwamba taifa linalotegemea misaada na mikopo ya nje linahatarisha uhuru wake. Wazee wetu walilisema kwa maneno machache zaidi: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Onyo hilo liliwahusu wanawake pia, ingawa wakati ule wachache walilisikia hivyo.

Jina la Kiswahili katika jiji la London

Julai 1985 dunia ilikutana Nairobi katika mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Wajumbe wa serikali walikaa katika jumba la Kenyatta, na maelfu ya wanawake wa vikundi vya kiraia walikutana katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa wanawake wengi wa Afrika ilikuwa mara ya kwanza mkutano mkubwa namna ile kufanyika barani mwao.

Mwaka huo huo, hapa Uingereza, wanawake wa Kiafrika waishio ughaibuni walianzisha umoja wao. Waliuita Akina Mama wa Afrika. Hebu watoto wetu mliozaliwa hapa mlitafakari jina hilo. Waliokutana walitoka nchi mbalimbali, wenye lugha mbalimbali, na jina walilolichagua likawa la Kiswahili. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuwatembelea wanawake wa Kiafrika waliofungwa katika magereza ya Uingereza, watu waliokuwa mbali na ndugu na wasio na wa kuwasemea.

Kuanzia mwaka 1991 umoja huo uliongozwa na Bisi Adeleye-Fayemi, Myoruba wa Nigeria aliyezaliwa Liverpool. Katikati ya miaka ya 1990 wakaanzisha taasisi ya kuwafunza uongozi wanawake vijana wa Afrika. Baadaye makao makuu yenyewe yakahamia Kampala, na yako huko hadi leo. Chama cha wahamiaji kilichoanzia Uingereza kikarudi nyumbani na kufanya kazi katika bara zima.

Baada ya Beijing, nani atalipa?

Mwaka 1995 ukafika mkutano wa Beijing. Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, ambaye wengi nyumbani humwita Mama Beijing. Mkutano ulipitisha mpango wa utekelezaji wenye maeneo 12, kuanzia umaskini na elimu hadi ukatili na haki za mtoto wa kike. Wajumbe walirudi makwao na makaratasi mazuri.

Swali likabaki lile lile: nani atalipa? Sehemu nyingine za dunia zilikuwa na mfano wa kufuata. Uholanzi kulikuwa na mfuko wa wanawake uitwao Mama Cash tangu mwaka 1983, na Marekani ulianzishwa mwingine mwaka 1987, Global Fund for Women. Mifuko hiyo ilichangisha fedha na kuwagawia wanawake wa nchi nyingi. Lakini Afrika ilikuwa inapokea tu, na meza ya kuamua nani apewe haikuwa Afrika.

Wanawake watatu wakaamua kuiweka meza hiyo nyumbani. Wa kwanza ni huyo Bisi Adeleye-Fayemi. Wa pili ni Joana Foster, mwanasheria wa Ghana aliyekuwa ameuongoza mtandao wa WiLDAF, ambao tawi lake la Tanzania wengi wetu tunalijua. Wa tatu ni Hilda Tadria wa Uganda, msomi aliyefundisha Makerere. Juni 2000, wakati Umoja wa Mataifa ulipokutana New York kupima miaka mitano baada ya Beijing, walizindua Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, unaojulikana kwa herufi zake, AWDF. Makao yake yakawekwa Accra, Ghana.

Mfuko unavyofanya kazi

Kwa vijana ambao neno ruzuku ni geni kwao: ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu na hairudishwi. Mkopo hurudishwa, mara nyingi na riba. Upatu ambao mama zenu wanacheza ni kitu kingine tena, kwa kuwa kila mmoja hupokea zamu yake kutoka kwa kijumbe. Mfuko wa ruzuku hukusanya fedha kutoka kwa wengi, vikundi huleta maandiko ya miradi yao, mfuko huyasoma na kuchagua, kisha kikundi hutoa taarifa ya kazi na ya matumizi.

Tofauti ya AWDF ni nani anayesoma maandiko hayo. Ni wanawake wa Kiafrika, wanaofahamu kwamba mjane akifukuzwa nyumbani kwa marehemu mumewe, kuku hawatamsaidia kabla hajapata haki yake. Mfuko umetoa ruzuku katika nchi zaidi ya 40 za Afrika: kwa vikundi vinavyopinga ukatili, vinavyosaidia wanaoishi na virusi vya UKIMWI, vinavyowaandaa wanawake kugombea uongozi, na vinavyojenga uchumi wa kaya. Mwaka 2006 ulisaidia pia kuwakutanisha Accra wanaharakati kutoka pande zote za bara, wakaandika mkataba wa misingi wanayoisimamia.

Je, kuna haja kweli? Shirika la AWID lilichunguza mashirika 740 ya wanawake duniani na kukuta kwamba shirika la katikati kwenye orodha hiyo lilikuwa na dola 20,000 tu za Marekani kwa mwaka mzima wa 2010. Nusu yao walikuwa na chini ya hapo. Kwa fedha hiyo unatakiwa ulipe pango, mishahara, usafiri na mawakili.

Tazameni jambo moja la nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaubakiza ushindi wake. Kesi ya namna hiyo huchukua miaka. Wafadhili wanaopenda kupiga picha mbele ya kisima huwa hawaioni, kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna cha kupiga picha.

Ukweli usiofichwa

Tusiwadanganye watoto kwamba mfuko huu umekwisha kujitegemea. Sehemu kubwa ya fedha za AWDF imetoka nje ya Afrika, kwa mashirika kama Ford Foundation ya Marekani na Comic Relief ya hapa Uingereza. Naam, ile Comic Relief ya pua nyekundu mnazovaa shuleni. Kwa hiyo onyo la Azimio la Arusha bado lipo. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi wa nani apewe unafanywa Accra, na waanzilishi walikusudia tangu mwanzo kwamba Waafrika wenyewe, wa nyumbani na wa ughaibuni, nao wachangie.

Joana Foster alifariki dunia mwaka 2016, lakini mbegu imeota kwingine. Tanzania tuna Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2008, na miongoni mwa waasisi wake ni Mary Rusimbi, aliyekuwa kiongozi wa TGNP. Nao hutoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake mikoani, vingine vidogo mno kuweza kuandika maombi ya kurasa 40 kwa Kiingereza na kuyapeleka Ulaya.

Na sisi je?

Jumuiya yetu inajua kuchanga. Msiba ukitokea, fedha ya kusafirisha mwili hupatikana kwa siku chache. Harusi, hali kadhalika. Madarasa na madawati tumepeleka nyumbani mara nyingi. Lakini ni nadra kuchangia kikundi kinachomsindikiza msichana mahakamani au kinachomfundisha mjane kudai hati ya shamba lake. Labda tunaona aibu, au tunahofia kuambiwa tunaingilia mambo ya familia za watu. Wenzetu wa mwaka 1985 walikuwa na hofu hizo hizo, wakiwa wahamiaji wenye kazi mbili na kodi ya nyumba ya kulipa.

Haba na haba hujaza kibaba. Pendekezo letu kwa mkutano mkuu ujao ni dogo: sehemu ya kiingilio cha sherehe ya Uhuru itengwe kila mwaka kwa ajili ya mfuko wa wanawake wa nyumbani, na kamati ya kuuchagua iwe na mama zetu na mabinti zetu waliozaliwa hapa. Wao ndio watakaosoma taarifa zikija, na kutueleza ukumbini fedha imefanya kazi gani. Mwaka ujao, tukishamtaja Bibi Titi, watakuwa na la kuongeza kabla muziki haujafunguliwa.

Heri ya Siku ya Uhuru kwenu nyote.