Kubadili fenda ya gari la njia mbovu ukiwa nyumbani

Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ni eneo la vilima na mabonde. Ukiacha lami na kushuka kuelekea Saranga au Golani, unakutana na njia za udongo zinazochimbwa na mvua kila masika. Ndiyo maana wakazi wengi hupenda magari yenye nguvu ya kupita kwenye matope, kama Land Cruiser za "mkonga" na Land Rover One-Ten. Magari hayohayo ndiyo yanayobeba wagonjwa, walimu na mazao huko vijijini.

Kwenye njia kama hizo, fenda ndiyo huumia mapema: kisiki, ukingo wa mtaro au gari jingine kwenye njia nyembamba. Je, ni lazima ulipeleke gari gereji? Si lazima, ikiwa kilichoumia ni fenda peke yake. Kazi ya kwanza ni kulihakikisha hilo.

Fenda ni ipi?

Ni bati la bodi linalofunika tairi la mbele, kuanzia kwenye taa hadi kwenye mlango. Wengine huita madigadi. Kwenye magari mengi, fenda za mbele hufungwa kwa bolti, hivyo hutoka bila kukata kitu. Mabati ya juu ya matairi ya nyuma mara nyingi huwa yamechomelewa kwenye bodi. Hayo mwachie fundi wa bodi.

Je, ni fenda tu iliyoumia?

Kabla ya kununua chochote, angalia mambo haya:

- Boneti inafunga sawasawa, au inakwama upande mmoja?
- Pima kwa kamba kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Je, vipimo vinalingana?
- Gari linavuta upande mmoja ukiwa barabarani?
- Tairi moja la mbele linalika upande mmoja tu?

Ukiona dalili mojawapo, huenda chesisi au mhimili wa tairi umepinda. Hapo fenda mpya itaficha tu ugonjwa, na gari linaweza kukushinda kwenye mteremko likiwa na abiria. Mpelekee fundi kwanza.

Kununua fenda

Jijini Dar es Salaam, vipuri vipya na vilivyotumika hutafutwa sana Kariakoo na Ilala. Ukiwa mbali, usimwambie anayekununulia "fenda ya Land Cruiser" tu. Mtumie picha ya fenda yako, picha ya kadi ya gari inayoonyesha namba ya chesisi na mwaka, kisha taja upande. Kulia ni kulia kwako ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Mwaka ni muhimu: Toyota ilibadili sura ya mbele ya Land Cruiser 70 mwaka 2007, kwa hiyo fenda ya zamani na ya baadaye haziingiliani.

Kwa fenda iliyotumika, pitisha sumaku juu ya bati. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene. Kipimo hiki hakifai kwa Land Rover One-Ten, kwa sababu fenda zake ni za aluminiamu, ambayo haivutwi na sumaku. Dai risiti, maana kipuri cha wizi kinaweza kukuingiza kwenye kesi.

Kama fenda itasafirishwa kwa basi, ifungwe kwa maboksi na matambara, hasa kwenye kingo. Ukingo ukipinda, haitakaa sawa.

Kufungua

1. Egesha sehemu tambarare na uweke mawe nyuma na mbele ya matairi. Piga picha za kila upande kwa simu kabla ya kugusa kitu.

2. Siku moja kabla, safisha matope na unyunyizie bolti mafuta ya kulegeza kutu. Yaache yalale.

3. Toa waya wa hasi wa betri. Kisha chomoa waya wa indiketa, na waya wa redio kama antena iko kwenye fenda.

4. Kama gari lina mkonga, ufungue na uzibe tundu la bomba la hewa kwa kitambaa safi. Nati au mchanga ukiingia humo, unaweza kuua injini.

5. Kama unatoa tairi, weka stendi imara chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

6. Fungua bolti. Kwenye Toyota nyingi hutumia spana namba 10 na 12. Land Rover za zamani hutumia za inchi. Tafuta safu iliyo chini ya boneti, zilizo karibu na taa na bampa, zilizo ndani ya tundu la tairi, na zile zinazojificha nyuma, ambazo nyingine huonekana mlango ukiwa wazi. Bati likigoma, usilivute. Kuna bolti umeisahau.

Bolti yenye kutu usiilazimishe. Ikaze kidogo, ilegeze kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ikishindikana, ikate, lakini usitumie grenda karibu na betri, bomba la mafuta au nyaya.

Kufunga

Fenda ikishatoka, utakuta udongo ulioganda nyuma yake. Hapo ndipo kutu huanzia, kwa kuwa udongo hushika maji wiki nzima. Osha, kausha, piga msasa palipo na kutu, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Fenda mpya nayo ipake rangi upande wa ndani na kwenye kingo kabla ya kuifunga, kwa sababu baadaye hutafika huko. Kwa Land Rover, weka washa za plastiki au grisi pale aluminiamu inapogusa chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa.

Mwite mtu akushikie fenda. Weka bolti zote kwa mkono bila kuzikaza. Funga boneti na ufungue mlango polepole, ukitazama kama kingo zinagusana. Sogeza mpaka uwazi ulingane juu hadi chini, ndipo ukaze. Matundu yakikataa kukutana kabisa, usitoboe mapya. Rudi kwenye vipimo vya kamba.

Rudisha mkonga na uzibe maungio yake vizuri. Pakiachwa upenyo, injini itavuta vumbi kiangazi na maji mtoni.

Kabla ya kuingia barabarani

Washa taa na indiketa. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, na uhakikishe tairi haligusi kitu. Fanya hivyo tena gari likiwa na mzigo, kwani bodi hushuka. Baada ya siku chache za njia mbovu, kaza bolti upya.