Shule Ilipata Ngapi?

Kila Januari, matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi wanakuja pale kituo cha vijana ninapofanya kazi, na swali lao ni moja tu: ile shule ilipata ngapi? Hakuna anayeuliza ilifundisha nini. Ni ngapi. Wengine wananyoosha simu, kuna orodha imepita kwenye WhatsApp, shule zimepangwa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakuna anayejua nani alizipanga.

Mwaka huu mama mmoja wa bloku yetu, Mkongomani kama mimi, alinifuata mpaka kwenye mstari wa maji. Binti yake alikuwa anaingia Gredi ya 10. "Kijana wangu, wewe umesoma hapa Kakuma. Ile shule ya serikali ni ya nguvu ao ni ya kupoteza wakati?" Nikamjibu haraka haraka, kwa sababu mtungi wangu ulikuwa umefika mbele: "Mama, wastani wao ni D kuongeza, tafuta nyingine." Usiku nikalala vibaya. Mimi, kati ya watu wote, sikupaswa kumpa jibu lile. Sababu nitaieleza, lakini kwanza lazima nieleze huo wastani ulitoka wapi, maana watu wengi wanadhani uliumbwa pamoja na shule zenyewe.

Wazazi wetu waliotoka Kongo wana desturi yao. Kule kuna Examen d'État, mtihani wa nchi nzima tangu 1967, na matokeo yanakuja kwa asilimia. Ukipata 50 umepita. Kwa hiyo wakifika Kenya wanaambiwa C pleni, D minasi, wanauliza: hiyo ni asilimia ngapi? Ni swali la haki kabisa, na walimu wengi hawalijibu.

Hapa Kenya mambo yalianza na wachache sana. Alliance High School ilifunguliwa 1926 kule Kikuyu na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana, na Wakatoliki walikuwa na shule yao, hiyo ambayo leo ni Mang'u. Mtoto wa Kiafrika alipita kwenye chujio la mtihani kabla hata ya kuona mlango. Waliobaki walifanya mtihani wa Cambridge, karatasi ikasahihishwa kwa macho ya Uingereza. Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Alliance kuanzia 1940 mpaka 1962, alikuwa mtu wa hesabu aliyefundisha chuo kikuu cha Cambridge, na shule yake ilisifika kwa kupasisha. Simnyimi sifa. Lakini ukichukua vijana wachache waliochujwa kutoka nchi nzima, ukawalisha, ukawapa vitabu na kitanda, halafu wakapita, umepima shule ao umepima chujio?

Uhuru ulipokuja 1963, Kenyatta akasema Harambee, na wananchi wakasikia "jengeni shule". Walijenga kweli. Waliuza mbuzi, walibeba mawe, wakachanga. Kufikia miaka ya sabini shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Serikali ilichukua kwanza wale waliopasi vizuri, harambee ikapokea waliobaki. Walimu wengi hawakuwa wamesomea kazi hiyo, na karo ilikuwa juu ya mzazi. Matokeo yakiwa mabaya watu walizicheka, kana kwamba zilianza mbio kwenye mstari mmoja na wengine. Nyingi baadaye zilichukuliwa na serikali, na ndizo babu wa shule nyingi za kutwa ambazo mtoto wa kawaida anaenda leo. Nilipojua hivyo nikaacha kuziita shule za chini. Zilijengwa na watu kama sisi, kwa matope kama yetu.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Hapo ndipo wastani ulipopata nguvu tunayoijua. A ni pointi 12, E ni pointi 1. Unajumlisha pointi za watahiniwa wote wa shule, unagawanya kwa idadi yao, unapata namba moja. Magazeti yalizipenda namba hizo. Kila mwaka kulikuwa na picha ya mwalimu mkuu amebebwa juujuu, wanafunzi wanaimba, na chini yake orodha ya shule mia bora. Prinsipali alijua kwamba kazi yake, basari kutoka kwa wafadhili, na wazazi wa mwaka ujao vyote vinaning'inia kwenye ile namba.

Sasa naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme shule ina watahiniwa 100. Kumi wanapata C kuongeza (pointi 7), ishirini wanapata C kuondoa (5), arobaini wanapata D kuongeza (4), thelathini wanapata D kuondoa (2). Jumla ni pointi 390, wastani 3.9, yaani D kuongeza. Sasa wafukuze wale thelathini wa mwisho kabla ya usajili. Jumla inakuwa 330, ugawanye kwa 70, unapata 4.7. Shule imepanda mpaka C kuondoa! Hakuna hata somo moja lililofundishwa vizuri zaidi. Wanaoweza kwenda chuo kikuu, wale wenye C kuongeza, ni kumi walewale. Kilichobadilika ni kwamba vijana thelathini wako nje ya geti, na mzazi anayesoma orodha hawezi kuwaona.

Mwishoni mwa 2014 wizara, wakati huo chini ya Profesa Jacob Kaimenyi, ilipiga marufuku kupanga shule kwa namba. Ilisemwa kwamba mashindano yamekuwa mabaya na yanaleta wizi wa mitihani. Marufuku haikuondoa njaa ya orodha. Iliihamisha tu kutoka gazetini hadi kwenye simu, ambako hakuna mhariri.

Halafu kuna mwaka wa 2016, ambao kila mtu anayependa wastani angepaswa kuusoma polepole. KCSE ya 2015 ilitoa A zaidi ya 2,600, na wizi wa karatasi ulikuwa umejaa kila mahali. Waziri Fred Matiang'i akavunja bodi ya baraza la mitihani, akabana ulinzi wa karatasi, na matokeo ya 2016 yakatoka na A 141. Waliopata C kuongeza na zaidi walikuwa 88,929, wakati mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Je, walimu wa Kenya nzima walisahau kufundisha ndani ya miezi kumi na miwili? Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nakumbuka walimu wetu wamekaa kwenye kivuli, kimya, redio imewashwa. Shule iliyoanguka kutoka C hadi D mwaka ule huenda iliacha tu kusema uongo. Na iliyoanguka kidogo huenda ilikuwa ya kweli tangu kitambo.

Sasa sababu yangu.

Januari 2019, siku ya pili ya kufungua, tuliitwa paredi. Tulikuwa tumemaliza Kidato cha Tatu, usajili wa KCSE ulikuwa unakaribia. Naibu akasoma majina kutoka kwenye karatasi. Wote tuliokuwa chini ya D kuongeza kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka tulikuwa na njia mbili: kurudia darasa ao kutafuta mahali pengine pa kufanyia mtihani. Jina langu lilikuwa la pili. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilikuwa nimeanguka. Muhula ule mama yangu alikuwa amelazwa, na mimi ndiye niliyepika, niliyechota maji na niliyesimama kwenye mstari wa chakula na kadi ya familia. Sisemi hivyo ili nihurumiwe, kila mtu hapa ana hadithi kama hiyo. Nasema kwa sababu shule ilikuwa na miaka mitatu ya kuijua.

Tulikuwa kumi na tisa. Wasichana wawili hawakusoma tena, mmoja aliolewa kabla ya Pasaka. Mimi nilipata nafasi kwenye shule ndogo ya kutwa, mbali, walimu wachache, maabara ni kabati moja lenye kufuli. Mwalimu wa hesabu pale alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini, mwalimu wa insentivu, analipwa kidogo sana kuliko mwalimu wa serikali anayefundisha somo hilohilo. Alikuwa anakaa na sisi mpaka jua linaingia. Nikapata C pleni, pointi 6. Shule iliyonifukuza ilipata wastani wa 4.4 mwaka huo, wakanunua soda. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe nikacheka peke yangu: wangeniacha, ningewapandisha.

Kwa hiyo unaona kwa nini sikulala baada ya kumjibu yule mama.

Kambini wastani una uongo mwingine ambao watu wa Nairobi hawaujui. Kambi hii ilianza 1992 na vijana wa Sudan waliofika kwa miguu, na madarasa ya kwanza yalikuwa chini ya miti. Tangu siku hiyo wanafunzi wetu ni watu wa kuondoka. Darasa linaweza kumpoteza wa kwanza wake katikati ya muhula kwa sababu ndege ya Kanada ama Australia imefika. Familia inafurahi, shule inafurahi, wastani unashuka. Mwingine anafika kutoka Uvira akiwa na miaka kumi na minane, ameshasoma fizikia kwa Kifaransa, anawekwa darasa la watoto kwa sababu ya Kiingereza. Akitoka na D kuongeza, huyo amepanda mlima kuliko mwenye A. Halafu kuna Kiswahili chetu! Tunakiongea tangu tumboni, na bado tunaandika "ao" na mwalimu anapiga mstari mwekundu. (Mhariri wa jarida hili ameahidi kutougusa wa kwangu.)

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, na ninyi mna namba zenu. Mnahesabu walioandikishwa. Hiyo ni idadi ya siku ya kwanza. Wazazi wanahesabu wastani, ambao ni wa siku ya mwisho. Katikati kuna miaka minne ambayo hakuna anayeihesabu, na huko ndiko majina yanakokatwa.

Na hata namba za siku ya mwisho hazifanani tena. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya mtahiniwa inahesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vilikuwa lazima, pamoja na sayansi mbili. Anayekuambia shule fulani imepanda tangu 2022, muulize kama ni shule iliyopanda ao ni ngazi iliyofupishwa. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 itakuwa 2027. Wanaoingia Gredi ya 10 sasa wanachagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, ao sanaa na michezo. Kwa hao wastani wa zamani hauna msaada mkubwa. Shule inaweza kuandika "sayansi" kwenye ukuta wakati kabati bado lina kufuli.

Nilirudi kwa yule mama siku ya tatu. Nikamwambia, samahani Mama, nilikujibu kama gazeti, twende wote. Tulikwenda asubuhi na binti yake. Prinsipali hakuwepo, naibu akatupokea, mwanamke Mturkana wa makamo. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza mwalimu yeyote: waliofanya KCSE juzi waliingia Kidato cha Kwanza 2022, siku hiyo walikuwa wangapi? Nilitegemea akasirike. Akavuta rejista ya zamani, jalada limekwisha, akahesabu kwa kidole. Mia moja na kumi na nane. Waliofanya mtihani, themanini na sita.

"Na wengine?" mama akauliza.

Naibu akaanza juu ya ukurasa. Huyu alisafiri na wazazi, yuko Marekani. Huyu alihamia Kalobeyei, anasoma kule. Huyu alizaa, akarudi, yuko Kidato cha Tatu sasa, mtoto anabaki na bibi. Huyu alikwenda Nairobi kutafuta kazi, "nilimpigia simu mara nne". Huyu alifariki. Alipofika karibu na mwisho alisimama kwenye majina matatu, akavua miwani, akasema hawa sijui walienda wapi. Akachukua kipande cha karatasi akayaandika, akanipa mimi. "Wewe uko na vijana. Niulizie."

Mama alikuwa anatazama rejista, si mimi. Akauliza yunifomu inashonwa wapi na kama soksi lazima ziwe nyeupe, kwa sababu vumbi la Kakuma halina huruma. Binti alianza Jumatatu. Kati ya yale majina matatu nimeshapata moja, yuko Kakuma 3, anauza mandazi.