Asili ya Neno la Kiingereza "Disarm"

Liko neno la Kiingereza ambalo wanafunzi wetu hulifasiri upesi kuwa "kunyang'anya silaha", kisha huliacha. Tafsiri hiyo si mbaya, walakini ni nusu ya neno. Neno lenyewe ni disarm, nasi twaona vema kulifuata hata asili yake.

Warumi waliita silaha arma. Wafaransa wa kale wakatia mbele yake kiungo cha kuondoa, wakapata desarmer. Na kwa kuwa Wanormandi walioishinda Uingereza mwaka 1066 walisema Kifaransa, maneno mengi ya namna hiyo yakaingia katika Kiingereza. Hili lilikuwamo kabla ya mwaka 1400. Siku zile shujaa mpanda farasi alivaa deraya ya chuma, na deraya kamili yaweza kupata kilo 20 na zaidi. Aliporudi kutoka vitani, kijana wake alimfungulia mikanda mmoja mmoja, na kazi hiyo nayo iliitwa kwa neno lilo hilo. Basi neno lina pande mbili: mtu huvuliwa na rafiki nyumbani kwake, au huvuliwa na adui uwanjani. Kiswahili chetu hutenga mambo hayo, kuvua mbali na kunyang'anya mbali. Kiingereza huyatia katika chungu kimoja.

Msomaji na afungue Wakolosai 2:15. Hapo Mtume Paulo alitumia neno la Kiyunani la kuvua nguo. Watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliandika neno la kuteka nyara. Wengine, katika Agano Jipya la mwaka 1946, wakaandika disarm. Biblia ya Kiswahili yasema kuvua, na kwa maoni yetu imemkaribia Mtume kuliko wote wawili.

Baadaye neno likapata maana ya upole. Mwingereza husema kwamba tabasamu ya mtoto yamvua mtu silaha, yaani hasira yamwisha asijue imekwenda wapi.

Lakini ukali wake haukufa. Mwaka 1878 Bunge la Koloni la Cape, Afrika ya Kusini, lilitunga sheria ya kuwaondolea Waafrika silaha, likaipa jina la sheria ya kulinda amani. Mwaka 1880 Wasotho waliamriwa kutoa bunduki zao. Vijana wao wengi walikuwa wamefanya kazi katika machimbo ya almasi ya Kimberley, wakazinunua kwa mshahara wao wenyewe. Watawala walisema kuondoa. Wasotho walisikia kunyang'anywa. Wengi wakakataa, vita vikawaka, na Cape haikuweza kuwashinda. Katika mapatano ya mwaka 1881 Wasotho waliachiwa bunduki, ila wazilipie kibali. Na mwaka 1884 Cape ikaiachilia nchi ile mikononi mwa serikali ya Malkia. Katika vitabu vya Waingereza vita vile huitwa Vita vya Bunduki.