Jina la Binti Yako Limetoka Kitabu Gani?

Leo naomba tuongee juu ya jambo ambalo kila nyumba italipitia siku moja, nalo ni jina la mtoto wa kike.

Kisa chenyewe kilianza kwetu Majengo, Ramadhani hii hii. Dada yangu alikuwa na siku tano tangu ajifungue binti. Tulikuwa tumekaa mkekani baada ya futari, uji bado una moto, sambusa katikati, na mtoto amelala ndani ya leso za bibi. Mtu mmoja akauliza, "Haya, aqiqa kesho kutwa, mtoto ataitwa nani?" Dada akajibu mara moja kwamba yeye anataka Jessica. Alilikuta jina hilo sekondari aliposoma Mabepari wa Venisi, likamkaa moyoni.

Bibi, ambaye wazazi wake walitoka Lamu, akasema kwa upole, "Mimi nilikuwa nimemwekea Mwanakupona."

"Mwanakupona? Bibi jamani! Aende shule Buruburu watoto wamuulize kama alikuwa mgonjwa?"

Tulicheka wote, na mimi nikiwemo. Bibi hakucheka. Alikunja leso yake taratibu, akasema anajitayarisha kwa Isha, akaingia chumbani. Usiku ule, tukirudi kutoka Tarawehe, niligundua kwamba mimi mwenyewe simjui huyo Mwana Kupona niliyemcheka. Basi nikaanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

JINA NI DUA

Tuanze na Kitabu chetu. Mwanamke mmoja tu ametajwa kwa jina lake ndani ya Qur'an, naye ni Bibi Maryam. Ukisoma Suratul Aal Imran utaona kwamba aliyempa jina hilo ni mama yake, na papo hapo akamwombea yeye na kizazi chake kinga ya Mwenyezi Mungu. Jina na dua vilitoka mdomoni pamoja.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa akiangalia sana maana ya majina. Binti mmoja wa Sayyidna Umar (R.A.) aliitwa kwa neno lenye maana ya mwanamke muasi, Mtume akambadilisha akamwita Jamila. (Tusichanganye hapa na Asiya, mke wa Firauni, mja mwema. Kwa Kiswahili chetu majina haya hufanana, lakini kwa Kiarabu herufi zake ni nyingine na maana ni nyingine.) Bibi Zaynab binti Jahsh aliitwa Barra, yaani mwema, naye akabadilishwa ili mtu asijisifu wema kila anapojitaja. Kwa hiyo swali la kwanza si kama jina ni la Kiarabu au la Kiswahili. Swali ni kama lina maana njema.

MWANA KUPONA WA SIU

Sasa tuje kwa yule tuliyemcheka. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, kwenye visiwa vya Lamu. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siu. Mji huu mdogo uliwatoa jasho watawala wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka majeshi kuutia mkononi, yakarudi yameshindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, akiwa mgonjwa na anajua safari yake imekaribia, alitunga utendi wa beti mia moja na mbili kwa lahaja ya Kiamu. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni tu anamwita binti asogee karibu na wino na karatasi, kwa sababu ana maneno ya kumwachia. Anamwambia kwamba maneno hayo ni kama hirizi ya kujifunga na kidani cha kuvaa shingoni. Hebu fikiria, ndugu yangu. Mama anaona kifo kiko mlangoni, na urithi anaouwahi kuuandaa kwa ajili ya binti yake ni mashairi.

Wako dada zetu wanaosema utendi ule ni wa kumfundisha mke kumtii mume tu. Ni kweli, sehemu kubwa ni ya mambo ya unyumba, na ndani yake mna mambo ya zama zile, hata habari za watumwa, ambayo hatuna haja ya kuyarudisha. Lakini kabla ya kufika kwa mume, mama huyu anaanza na dini, ukweli, adabu na kuuzuia ulimi. Na mwishoni anaomba dua ndefu. Halafu tusisahau kwamba ni mwanamke wa karne ya 19 aliyeshika kalamu, na kazi yake haikupotea. Wanawake wa Lamu waliihifadhi kwa moyo na kuinakili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1934 ikachapishwa Uingereza na Alice Werner na William Hichens pamoja na tafsiri yake. Mpaka leo vyuo vikuu vinaisoma. Sisi wa Eastlands tunalicheka jina lake.

ALIYEANZA AKIITWA MTUMWA

Jina laweza kumwinua mtu, na laweza kumkandamiza. Mnamo mwaka 1880, kijijini Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike katika familia maskini. Akaitwa Mtumwa. Ndiyo, hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akajifunza kazi hiyo, akavibeba kwenda kuviuza mjini. Hakupata elimu ya shule, lakini alikuwa na sauti. Mjini alifundishwa kuimba, akasomeshwa pia kisomo cha Qur'an. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay, akarekodi santuri kwa Kiswahili zilizosikika pwani yote. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu kilichotoka mwaka 1958.

Leo ukimwita binti yako Siti, humpi neno tupu. Unampa habari ya mtu aliyevuka kutoka kuitwa Mtumwa mpaka kuitwa Siti.

Na huyo Shaaban Robert (1909-1962) naye alikuwa baba. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi lenye jina hilo hilo la Amina. Binti yake Mwanjaa alimwandikia Utenzi wa Hati, wa kumwusia juu ya maisha. Alifuata nyayo za yule mama wa Siu, karibu miaka mia moja baadaye. Utaona basi kwamba kwetu mzazi kumwandikia binti ni desturi ya zamani.

MAYASA, LAYLA NA JESSICA

Majina mengine yamekuja kwetu yakiwa yamepanda juu ya hadithi. Mayasa, jina linalosikika sana Pwani na Zanzibar, ndilo la binti wa Utendi wa Mikidadi na Mayasa, hadithi ya mapenzi na ushujaa iliyotoka Uarabuni ikavaa Kiswahili. Layla ni yule wa Majnun, ambaye Nizami alimtungia kitabu kwa Kiajemi mwaka 1188. Wazazi wengi wanaowaita mabinti zao Leila hawajui kwamba hadithi ile inaishia kwenye huzuni na makaburi.

Na Jessica? Nilirudi kwenye kitabu alichokisoma dada. Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, kutoka tamthilia ya Shakespeare. Jina lenyewe kwa maandishi hayo linaonekana mara ya kwanza kwa Shakespeare mwenyewe. Jessica ni binti wa Shailoki. Anatoroka usiku kwa baba yake, anachukua fedha na vito vya nyumbani, na kuiacha dini yake ili aolewe. Simlaumu dada kwa kulipenda jina, maana ni tamu kulitamka. Lakini nilipomkumbusha kisa, alishika kichwa. "Ai! Mimi nilikumbuka jina tu, hadithi ilinitoka."

Hapo ndipo penye somo. Ukichukua jina kitabuni, mtoto anabebeshwa na kisa chake. Siku moja atakua, atauliza, au atakisoma mwenyewe.

DAFTARI LA MTAA WETU

Kuna sababu nyingine ya kuyaangalia majina haya hapa kwetu. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika mjini Nairobi, na wengi wa wakazi wa mwanzo walikuwa Waislamu. Wako waliotoka Pwani, wako waliotoka Tanganyika, na wako waliotoka bara wakasilimu hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipobomolewa, wengine wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika mitaa hii wanawake wengi walijenga nyumba zao wenyewe. Waliotoka bara walipoingia katika Uislamu walichukua majina mapya, na kwa majina hayo wakawa ndugu wa watu ambao hawakuzaliwa nao. Shangazi Fatuma, Mama Asha, Bi Mwanaidi, nani aliuliza tena kabila?

Nyumba nyingi za udongo zimeondoka, magorofa yamepanda. Picha za wazee wetu wale ni chache. Kilichobaki ni majina. Tukiyaona ya kishamba na kuyatupa, hata huo ushahidi mdogo tutakuwa tumeufuta kwa mikono yetu.

SIKU YA SABA

Usiku wa pili nilimwendea bibi nikamwomba radhi. Hakunijibu kwa maneno mengi. Aliniambia, "Kaa." Akaanza kuusoma utendi wa Mwana Kupona kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa na mama yake. Hana kitabu, uko wote kifuani. Dada alikuwa kwenye kiti ananyonyesha. Mara ya kwanza alijifanya hasikii. Kisha akaacha kuchezea simu. Bibi alipopumzika, dada akamwuliza polepole, "Bibi, na huyo binti anayeambiwa asogee, jina lake nani?"

"Mwana Hashima," bibi akasema.

Kukawa kimya. Dada akamtazama mtoto, akalirudia jina mara mbili kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Siku ya saba tulichinja mbuzi mmoja, kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kike, na jina lililoandikwa kwenye fomu ni Hashima. Bibi peke yake ndiye anayemwita kwa ukamilifu, Mwana Hashima. Kila akimwita hivyo, dada huitika yeye.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaaliwa binti, usikimbilie jina kwa sababu linasikika vizuri kwenye runinga. Uliza maana yake. Kisome kisa chake mpaka mwisho. Kaa na wazee wako kabla hawajaondoka, uwaulize ni nani katika ukoo aliitwa hivyo na kwa nini. Halafu ukiandike hicho kisa mahali, ili binti akikua na kukuuliza "mama, mbona mkaniita hivi?" uwe na la kumjibu.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu majina mema na matendo yanayofanana nayo, awarehemu mama zetu waliotangulia, na atutakabalie saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.