Fukushima: Hofu ya mionzi, na mambo ambayo kila mtu anapaswa kujua

Mionzi ya nyuklia haionekani kwa macho, hainuki, wala haina ladha. Mtu anaweza kusimama katika shamba lililochafuliwa na kuona majani mabichi na maji safi, bila kujua kwamba kuna hatari. Kwa sababu hiyo, kila ajali ya kituo cha umeme wa nyuklia huleta misiba miwili: msiba wa mionzi yenyewe, na msiba wa watu kutojua wamwamini nani.

Makala hii inaeleza yale yaliyotokea Fukushima, inchini Japani, tangu mwaka wa 2011: jinsi ajali ilivyoanza, kwa nini watu waliogopa, ni hofu zipi zilikuwa na msingi na zipi hazikuwa nao. Ndugu msomaji, usifikiri kwamba habari hii ni ya Wajapani tu. Mwishoni tutaona kwamba inatugusa sisi Wakongo pia.

Ni nini kilitokea?

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ardhi lenye nguvu ya 9.0 lilipiga chini ya bahari, mashariki mwa Japani. Chini ya saa moja baadaye, mawimbi makubwa ya tsunami yalifika pwani. Watu karibu 18,000 walikufa au hawakuonekana tena, karibu wote kwa sababu ya maji.

Kituo cha Fukushima Daiichi kilikuwa na vinu sita vya nyuklia, na vitatu kati yake vilikuwa vikifanya kazi siku hiyo. Tetemeko lilipotokea, vinu hivyo vitatu vilijizima vyenyewe kama ilivyopangwa. Lakini kinu cha nyuklia si kama jiko la makaa unaloweza kulimwagia maji likapoa. Hata kikizimwa, kinaendelea kutoa joto kali kwa siku nyingi, na lazima maji yazunguke ndani yake bila kukoma.

Tetemeko lilikata umeme wa kutoka nje. Mashine za dizeli zikawaka ili kuendesha pampu, kisha tsunami yenye urefu wa karibu meta 14 ikazifunika. Pampu zikasimama. Kinu namba 1, namba 2 na namba 3 vikayeyuka ndani. Gesi ya haidrojeni ikajikusanya katika majengo na kulipuka: tarehe 12 Machi katika jengo la kinu namba 1, tarehe 14 katika namba 3, na tarehe 15 katika namba 4. Hayo hayakuwa mabomu ya nyuklia, ila yalifungua njia ya vumbi na mvuke wenye mionzi kutoka nje.

Tarehe 12 Aprili serikali ya Japani ilitangaza kwamba ajali hiyo ni ya ngazi ya 7, ngazi ya juu kabisa ulimwenguni. Kabla ya hapo, ajali moja tu ilikuwa imepewa ngazi hiyo: ile ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986. Mwaka wa 2012, tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani ilisema kwamba mzizi wa ajali ulikuwa makosa ya wanadamu. Hatari ya tsunami ilijulikana mapema, lakini kampuni na wale waliopaswa kuisimamia hawakuchukua hatua.

Mionzi inamdhuru mtu kwa njia gani?

Vitu viwili vilileta wasiwasi zaidi. Cha kwanza ni iodini 131. Inapungua haraka, nusu yake inaisha kila siku 8, lakini mtu akiila au akiivuta inakwenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo, hasa kwa watoto. Cha pili ni sesiamu. Sesiamu 137 inapungua nusu baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo inakaa katika udongo, misitu na uyoga kwa muda mrefu sana.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kila mtu hupata mionzi kidogo kila siku kutoka kwa mawe, anga na chakula. Kwa wastani wa dunia ni karibu milisiverti 2.4 kwa mwaka. Kipimo kinachokubaliwa kwa raia, juu ya hiyo ya asili, ni milisiverti 1 kwa mwaka. Swali la kuuliza, basi, ni hili: ni kiasi gani, kwa muda gani, na nani anayeipata.

Kwa nini watu walipoteza imani?

Usiku wa tarehe 11 Machi, serikali iliwaamuru wakazi walio umbali wa kilometa 3 kuondoka. Asubuhi ikawa kilometa 10. Jioni ya tarehe 12 ikawa kilometa 20. Tarehe 15, walio kati ya kilometa 20 na 30 wakaambiwa wabaki ndani ya nyumba. Kila amri mpya ilifanya ile ya kwanza ionekane kama uongo.

Lakini upepo haufuati duara linalochorwa kwenye ramani. Mionzi mingi ilikwenda upande wa kaskazini-magharibi. Watu wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, upande huohuo, wakidhani wamepata usalama. Serikali ilikuwa na programu ya kompyuta ya kukadiria mahali ambapo mionzi ingeelekea, ila makadirio hayo hayakuwafikia viongozi wa Namie kwa wakati. Mama walipikia watoto nje, watoto wakacheza uwanjani. Baadaye wazazi walipojua, uchungu wao ulikuwa mkubwa kuliko hofu yenyewe. Kijiji cha Iitate, sehemu kubwa yake ikiwa zaidi ya kilometa 30 kutoka kituo, kilitangazwa eneo la kuhamwa tarehe 22 Aprili, zaidi ya mwezi mmoja baada ya ajali.

Mji mdogo wa Miharu ulifanya tofauti. Tarehe 15 Machi viongozi wake waliona upepo unawaelekea. Hawakungoja amri kutoka juu. Waliwagawia wakazi vidonge vya iodini vinavyokinga tezi ya shingo.

Maji, mchele na uwanja wa shule

Tarehe 23 Machi, viongozi wa Tokyo walitangaza kwamba maji ya kiwanda kimoja cha kusafishia yalikuwa na bekereli 210 za iodini kwa lita. Kipimo kwa watoto wachanga kilikuwa 100. Siku hiyohiyo maji ya chupa yakaisha madukani. Kiasi kilishuka chini ya kipimo kesho yake, lakini mama aliyekuwa akichanganya maziwa ya mtoto hakusahau siku ile.

Kwa chakula, serikali iliweka kwanza kipimo cha bekereli 500 za sesiamu kwa kilo, kisha Aprili 2012 ikakipunguza hadi 100. Jimbo la Fukushima likaanza kupima kila mfuko wa mchele uliovunwa, mifuko karibu milioni 10 kwa mwaka. Baada ya miaka michache hakukuwa tena na mfuko hata mmoja uliopita kipimo. Lakini wanunuzi hawakurudi haraka. Wajapani wana neno maalumu kwa hasara hiyo ambayo mkulima anaipata kwa sababu ya uvumi, hata kama mazao yake ni safi.

Ugomvi mkubwa zaidi ulihusu watoto. Mnamo Aprili 2011 serikali ilisema viwanja vya shule vinaweza kutumiwa mpaka kipimo cha milisiverti 20 kwa mwaka, kiasi kinachowekwa kwa wafanyakazi wa nyuklia. Profesa Toshiso Kosako, mshauri wa waziri mkuu, alijiuzulu akilia mbele ya waandishi wa habari. Wazazi wa Fukushima walikwenda Tokyo kulalamika. Mwishoni mwa Mei, wizara ya elimu ikasema italenga milisiverti 1, na udongo wa juu wa viwanja ukaanza kuondolewa.

Je, watu wengi wamepata kansa?

Hapa tuseme polepole, kwa sababu maneno mengi yasiyo ya kweli yamesambaa.

Huko Chernobyl, watoto walikunywa maziwa yenye iodini kwa sababu hakuna aliyewazuia mapema. Kufikia mwaka wa 2005, kesi zaidi ya 6,000 za kansa ya tezi ya shingo zilikuwa zimeandikwa kwa wale waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali, katika Belarusi, Ukraine na sehemu za Urusi. Wengi walitibiwa wakapona.

Huko Fukushima, maziwa na mboga zilizochafuliwa zilizuiliwa mapema zaidi, na kiasi ambacho watoto walipata kilikuwa kidogo sana kuliko Chernobyl. Watoto karibu 300,000 walipimwa shingo kwa mashine, na mamia ya kesi zimeonekana tangu hapo. Wataalamu wengi wanasema ni kwa sababu mashine kali zinaona uvimbe mdogo ambao bila kupimwa usingejulikana. Baadhi ya waganga na familia hawakubaliani nao, na kesi ziko mahakamani. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilisema mwaka wa 2021 kwamba haijaona madhara ya afya kwa wakazi yaliyothibitishwa kutoka moja kwa moja kwa mionzi. Kati ya wafanyakazi wa kituo, serikali ya Japani ilikubali mwaka wa 2018 kifo cha mmoja, kwa kansa ya mapafu, kuwa kimetokana na mionzi.

Kuhama nako kuliua

Watu zaidi ya 160,000 waliacha nyumba zao. Makumi ya wagonjwa na wazee wa hospitali moja ya mji wa Okuma na nyumba ya wazee iliyokuwa karibu nayo walikufa katika kuhamishwa: walikaa saa nyingi ndani ya basi, katika baridi, bila dawa na bila wauguzi wa kutosha. Kwa miaka iliyofuata, wazee walikufa katika nyumba za muda kwa uchovu, upweke na magonjwa yasiyotunzwa, wengine kwa kujiua. Jimbo la Fukushima limehesabu vifo zaidi ya 2,300 vya namna hiyo, kupita wale waliouawa na tsunami katika jimbo hilohilo.

Hii haina maana kwamba watu hawakupaswa kuondoka. Ina maana kwamba mgonjwa na mzee wanahitaji mpango wao tayari kabla ya siku ya hatari.

Kanisa moja la Kibaptisti lililokuwa kilometa chache tu kutoka kituo lilitawanyika siku ya kwanza. Wengi wa waumini wake walikusanyika tena, wakakaa pamoja katika nyumba ya mikutano ya Wakristo karibu na Tokyo, kisha wakajenga upya katika mji wa Iwaki. Walipoteza jengo, lakini hawakuacha wazee wao wafe peke yao.

Waliohama walipata jeraha lingine. Watoto wao walidhihakiwa katika shule mpya, wakaitwa majina ya uchafu, kana kwamba mionzi inaambukiza kama homa. Mtu aliyepigwa na mionzi ya nje haambukizi mwingine. Vumbi lililo kwenye nguo linaondolewa kwa kuvua nguo na kuoga.

Hofu bado haijaisha

Udongo uliokwanguliwa mashambani ni karibu meta za ujazo milioni 14. Umewekwa kwa muda katika Okuma na Futaba, na sheria inasema uondolewe katika jimbo kabla ya 2045.

Maji yaliyopoza vinu yalisafishwa na kuwekwa katika matangi zaidi ya 1,000. Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kuyamwaga baharini kidogo kidogo, baada ya kuyachanganya na maji mengi. Kilichobaki ndani yake hasa ni tritiamu, chini ya bekereli 1,500 kwa lita. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisema mpango huo unalingana na viwango vya kimataifa vya usalama. Hata hivyo China ilikataza samaki wa Japani, na wavuvi wa Fukushima waliogopa kupoteza soko kwa mara ya pili. Kwa wavuvi hao hesabu peke yake haikutosha. Walikuwa wameahidiwa kwamba maji hayatamwagwa bila wao kuelewa na kukubali.

Hii inatuhusu namna gani?

Inchi yetu haina kituo cha umeme wa nyuklia. Lakini urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, ilipelekwa Marekani na kutumiwa katika kutengeneza mabomu ya atomiki ya kwanza, na Wajapani wa Hiroshima waliyapata matunda yake mwaka wa 1945. Kinshasa ilikuwa na kinu cha utafiti cha kwanza katika Afrika, kilichoanza 1959. Kingine kilifuata miaka ya 1970, na hakifanyi kazi tangu 2004. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti, na mwaka wa 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Wengi wa wachimbaji hao hawakuwahi kuonyeshwa kipimo chochote cha mionzi.

Basi, tukumbuke mambo haya:

- Hatari isiyoonekana inahitaji kipimo, si kelele. Huko Japani raia wa kawaida, kati yao mama wa Iwaki, walinunua mashine na kujifunza kupima wenyewe.
- Kuficha habari ili watu wasiogope huzaa hofu kubwa zaidi baadaye.
- Dawa ya iodini inakinga tezi ya shingo tu, na kwa wakati wake tu. Kula chumvi nyingi hakusaidii; huko China mwaka wa 2011 watu waligombania chumvi bure.
- Aliyekimbia hatari ni mgeni wa kupokelewa, si mtu wa kuogopwa.

Makumi ya maelfu ya watu wa Fukushima hawajarudi kwao mpaka leo. Wengine wameruhusiwa kurudi, lakini shule imefungwa, jirani amehama, na watoto wao wamekua mahali pengine.